Maswali ya Wasomaji: svchost.exe, Mchukuzi Anayelaumiwa kwa Mzigo wa Wengine

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinalizunguka faili moja tu, nalo ni svchost.exe la mfumo wa Windows. Tumechagua tano ambazo zikisomwa kwa mfululizo zinakamilishana, na tumezifupisha bila kugusa kiini cha swali.

SWALI: Kompyuta yangu ilianza kusuasua, nikafungua Task Manager ili nione kinachoendelea. Nilikuta jina svchost.exe limejirudia zaidi ya mara sabini. Katika kompyuta yangu ya zamani, iliyokuwa na Windows 7, nakumbuka yalikuwa kumi na kitu tu. Je, hiki ni kirusi kinachozaana?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Wingi huo peke yake si dalili ya ugonjwa, na katika Windows 10 au 11 ungekuwa na sababu ya kushangaa zaidi kama ungeyakuta matano.

Jina svchost limefupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mwenyeji wa huduma. Huduma, kwa lugha ya Windows, ni programu inayofanya kazi kimyakimya bila kuwa na dirisha lake: ipo inayoomba anwani ya mtandao kompyuta inapounganishwa, ipo inayorekebisha saa, ipo inayosimamia sauti, ipo inayotafuta masasisho. Nyingi kati ya huduma hizo hazikuandikwa kama programu kamili zenye kiendelezi cha .exe, bali kama maktaba, yaani mafaili ya .dll, na maktaba haiwezi kujiendesha yenyewe mpaka ipatikane programu ya kuipakia kwenye kumbukumbu na kuipa mahali pa kufanyia kazi. Programu hiyo ndiyo svchost.exe. Lenyewe halina kazi nyingine ya maana. Ni mchukuzi tu, na kila unapoliona kwenye orodha, ujue kuna mzigo wa mtu mwingine kichwani mwake.

Utaratibu huu ulikuja na Windows 2000. Wakati huo kumbukumbu ya kompyuta ilihesabiwa kwa megabaiti, na kila mchakato mpya, yaani kila programu inayoendeshwa, ulikuwa gharama, kwa hiyo huduma nyingi zilifungwa pamoja katika mchakato mmoja. Hazikufungwa ovyo: ziligawanywa katika makundi kama netsvcs na, kuanzia Windows XP, LocalService na NetworkService, kwa kuzingatia zaidi kiasi cha mamlaka ambayo kila huduma ilihitaji, na orodha ya makundi hayo ilihifadhiwa kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, ambako ipo hadi leo. Kasoro yake ilikuwa dhahiri kwa yeyote aliyewahi kutengeneza kompyuta za wakati ule. Huduma moja ikianguka, iliangusha wenzake wote waliokuwa ndani ya mchakato uleule, na hata kumjua mkosaji kulihitaji subira.

Mwaka 2017, katika toleo la 1703 la Windows 10, Microsoft ilibadili mpango huo. Kompyuta yenye kumbukumbu inayozidi gigabaiti 3.5 sasa huzipa huduma nyingi mchakato wake binafsi, kila moja na svchost.exe lake. Yapo makundi machache yaliyobaki pamoja kwa sababu huduma zake zinategemeana sana, mfano ukiwa ukuta wa moto (firewall, mlinzi wa mawasiliano ya mtandao) na injini ya kuchuja mawasiliano inayoutumikia. Hii ndiyo sababu ya hesabu yako kupanda kutoka kumi na kitu hadi sabini. Unalipia mpangilio huo kwa kumbukumbu kidogo zaidi, lakini unapata mfumo ambao huduma moja ikikwama haizivuti nyingine, na, jambo ninaloliona kuwa faida kubwa kuliko zote, unaweza kuona ni nani hasa anayekula rasilimali zako. Kusuasua ulikokutaja kunastahili kuchunguzwa kwa njia inayoelezwa katika jibu linalofuata, ila usiianzie safari hiyo kwenye hesabu ya sabini.

SWALI: Feni ya kompyuta yangu ya mapajani hainyamazi, na data ya intaneti inaisha hata nisipofanya lolote. Nikiangalia, mtumiaji mkubwa ni svchost.exe. Niliamua kuusitisha mmoja wa michakato hiyo kwa nguvu. Lilitokea onyo ambalo sikulisoma, na kompyuta ikajizima. Nifanye nini?

JIBU: Tuanze na lililokwisha kutokea. Baadhi ya michakato ya svchost.exe imebeba huduma ambazo Windows haiwezi kusimama bila hizo, kwa mfano zile zinazoziwezesha programu kuitana na kuzungumza. Ukiusitisha mchakato wa namna hiyo, mfumo hauna njia nyingine isipokuwa kujizima au kujiwasha upya. Onyo ulilolipita lilikuwa linakuambia hivyo hivyo. Faili lenyewe halikuharibika, kwa hiyo usiwe na hofu juu ya hilo.

Sasa tuje kwenye uchunguzi. Kauli ya kwamba svchost.exe linakula prosesa haina faida yoyote mpaka ujue lilichobeba. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, kisha upange michakato kwa kufuata matumizi ya prosesa, diski au mtandao, kulingana na kinachokusumbua. Utaona mistari inayoanza na maneno "Service Host", na ukibofya mshale mdogo ulio kando ya mstari, jina la huduma iliyomo litajitokeza. Kama unapendelea orodha kamili, fungua kidirisha cha amri (Command Prompt) uandike tasklist /svc kisha ubonyeze Enter. Kila mchakato utatajwa pamoja na namba yake na majina mafupi ya huduma zake. Namba hiyo ndiyo kiungo chako, kwa kuwa utaikuta pia kwenye ukurasa wa "Details" wa Task Manager na kwenye Resource Monitor, chombo kinachoonyesha kwa undani zaidi mchakato unawasiliana na anwani zipi na unasoma mafaili gani. Chombo hicho huitwa kwa kuandika resmon kwenye sehemu ya kutafutia.

Kwa dalili zako mbili kuja kwa pamoja, feni na data, ningeanza kuzishuku huduma tatu. Ya kwanza ni wuauserv, inayoshughulika na masasisho ya Windows. Ya pili ni BITS, ambayo hupakua mafaili taratibu wakati mtandao hauna shughuli. Ya tatu ni DoSvc, ambayo hupakua masasisho na, ikiwa imeruhusiwa, huyagawia kompyuta nyingine, hata zilizo nje ya mtandao wako. Hii ya tatu inaweza kutumia data ya kupakia bila mwenye kompyuta kujua. Fungua mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya masasisho, utafute "Delivery Optimization", uzime ruhusa ya kupakua kutoka kompyuta nyingine. Ukishaizima, kompyuta yako nayo haitawagawia wengine. Kisha nenda kwenye mipangilio ya mtandao unaoutumia, uutangaze kuwa ni muunganisho unaopimwa (metered connection), na Windows itaahirisha sehemu kubwa ya upakuaji wake.

Kabla ya kugusa kingine chochote, iache kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye umeme na mtandao kwa saa kadhaa. Ushauri huu huwaudhi watu wanaotaka tiba ya papo hapo, lakini kompyuta iliyokaa wiki nyingi bila kusasishwa ina deni la kulipa, na kuikatiza kila mara ni kuirudisha mwanzo wa safari. Wala tatizo si geni: wenye kompyuta za Windows XP walipata taabu kubwa mwaka 2013, svchost.exe lilipoimeza prosesa nzima kwa muda mrefu kwa sababu huduma ya masasisho ilikuwa inapekua mlolongo mrefu wa masasisho ya zamani ambayo yalikwisha kuchukuliwa nafasi na mapya. Faili lilelile lilitukanwa kila mahali, ilhali kosa lilikuwa kwenye orodha iliyokuwa ikisomwa na huduma iliyobebwa.

Ikiwa saa zimepita na wuauserv bado haijatulia, huenda akiba yake ya mafaili yaliyopakuliwa imechafuka. Fungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika net stop wuauserv, kisha net stop bits, ili huduma zote mbili zisimame. Ingia kwenye folda ya C:\Windows, tafuta folda ndogo iitwayo SoftwareDistribution, uibadilishe jina, mathalani SoftwareDistribution.zamani. Rudi kwenye kidirisha uziwashe huduma kwa net start bits na net start wuauserv. Windows itajitengenezea folda mpya na kuanza kupakua upya, kwa hiyo usiifanye kazi hii siku ambayo data yako ni haba. Orodha ya masasisho uliyokwisha kuyaweka inaweza kuonekana tupu baada ya hapo; masasisho yenyewe hayajaondoka. Mambo yakikaa sawa kwa wiki moja, ifute ile folda ya zamani.

Ukikuta kwamba mzigo ni diski kuliko mtandao, itazame huduma ya SysMain, ambayo zamani iliitwa Superfetch. Kazi yake ni kutabiri programu utakazozifungua na kuzipakia mapema, na kwenye diski ya kuzunguka iliyochoka inaweza kuleta msongamano. Hii unaweza kuisimamisha kwa majaribio kupitia dirisha la huduma, linalofunguka ukiandika services.msc. Isipoleta tofauti, iwashe tena. Sioni sababu ya kuacha huduma imezimwa kwa mazoea tu.

SWALI: Nimesoma kwamba virusi hujificha kwa jina la svchost.exe. Nitalitambuaje la kweli? Kuna aliyeniambia kwamba mchakato wa svchost.exe ukionyesha jina langu la mtumiaji badala ya SYSTEM, basi hicho ni kirusi bila shaka.

JIBU: Kauli hiyo ya mwisho ilikuwa kweli kwa miaka mingi, na leo imepitwa na wakati. Windows 10 ilileta huduma zinazoendeshwa kwa ajili ya kila mtumiaji aliyeingia, ambazo majina yake huishia kwa mstari wa chini na herufi na tarakimu zisizoeleweka, na hizo huendeshwa na svchost.exe kwa jina lako mwenyewe. Mtu akiishika kanuni ya zamani atajikuta anafukuza wenyeji nyumbani mwao.

Anza na herufi. Jina ni s, v, c, h, o, s, t. Wenye nia mbaya hubadilishana herufi mbili na kupata scvhost, huweka sifuri badala ya o, huongeza s mwishoni au huiondoa c. Macho yetu husoma neno zima kwa mkupuo na hayaoni tofauti hizo, ndiyo maana ni vizuri kulisoma herufi moja moja.

Ikiwa herufi ziko sawa, uliza faili linakaa wapi. Kwenye Task Manager bofya mchakato kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kufungua mahali faili lilipo. La kweli linaendeshwa kutoka C:\Windows\System32. Kwenye mifumo ya biti 64 ipo nakala halali ya biti 32 ndani ya C:\Windows\SysWOW64. Ukipelekwa kwenye folda ya mafaili ya muda, kwenye AppData, au moja kwa moja kwenye C:\Windows bila folda nyingine ndani yake, hapo una sababu ya kushuku. Kisha ongeza safu ya "Command line" kwenye ukurasa wa "Details". Mchakato wa kweli huonyesha alama ya -k ikifuatiwa na jina la kundi, na kwenye matoleo mapya mara nyingi pia -s ikifuatiwa na jina la huduma yenyewe. Mwisho, svchost.exe la kweli huzaliwa na services.exe, mchakato unaosimamia huduma zote. Task Manager haionyeshi ukoo huo, lakini Process Explorer, programu ya bure inayotolewa na Microsoft yenyewe, huuchora kama mti na hukuruhusu pia kuhakiki saini ya kidijitali ya kila faili.

Hata hivyo vipimo hivi vyote vinamhusu mchukuzi, na hapo ndipo watu wengi huridhika mapema. Conficker, kirusi kilichosambaa kuanzia Novemba 2008, hakikuhitaji kuigiza jina la mtu. Kilijiandikisha kama huduma, maktaba yake ya .dll ikapakiwa na svchost.exe halali kabisa, kutoka folda halali kabisa. Miaka mitano kabla yake, Agosti 2003, kirusi kingine kiitwacho Blaster kilikuwa kimeishambulia huduma ya mawasiliano kati ya programu iliyokuwa ndani ya svchost.exe, huduma ilipoanguka, Windows ilitangaza kwamba kompyuta itajizima baada ya sekunde 60, na watumiaji wakakaa wakiitazama saa ikihesabu kurudi nyuma. Kwa mashambulizi yote mawili, marekebisho ya Microsoft yalikuwa yametolewa wiki kadhaa kabla. Walioyaweka kwa wakati waliizuia njia hiyo isitumike kwao.

Kwa hiyo mchakato ukipita vipimo vyote nawe bado una wasiwasi, pengine kwa sababu unawasiliana na anwani usizozitambua, fanya uchunguzi kamili kwa programu ya kuzuia virusi. Microsoft Defender, iliyoitwa zamani Windows Defender, ina aina ya uchunguzi unaofanyika kompyuta ikijiwasha upya, kabla Windows yenyewe haijaamka, na kirusi kilichojificha ndani ya huduma hakipati nafasi ya kujitetea.

SWALI: Kila nikiwasha kompyuta hupata ujumbe wa kosa unaotaja svchost.exe na anwani ya kumbukumbu isiyoweza kusomwa. Rafiki amenitumia kiungo cha tovuti inayotoa svchost.exe jipya. Nilipakue?

JIBU: Usilipakue. Tovuti zinazogawa mafaili ya mfumo moja moja haziwezi kukuhakikishia chanzo chake, na hata faili likiwa safi, huenda likawa la toleo lisilo lako. Isitoshe, ujumbe huo kwa kawaida humaanisha kwamba kitu kilichobebwa ndicho kilichojikwaa.

Windows ina njia yake ya kujitibu. Fungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, amri inayokarabati ghala la mafaili ya asili kwa msaada wa intaneti kwenye Windows 8 na matoleo yaliyofuata. Ikimaliza, andika sfc /scannow, inayolinganisha mafaili ya mfumo na lile ghala na kurudisha yaliyoharibika. Mpangilio huo una sababu: ukianza na sfc wakati ghala lenyewe limeharibika, unamwomba mgonjwa amtibu mgonjwa. Baada ya hapo washa kompyuta upya.

Kosa likirudi, fungua Event Viewer, uingie kwenye orodha ya matukio ya programu (Application), utafute tukio la saa ileile kosa lilipotokea. Humo hutajwa moduli iliyosababisha anguko, na mara nyingi jina lake huonyesha kwamba ni kijenzi cha programu au kifaa ulichokiongeza karibuni. Kiondoe au ukisasishe. Na kwa kuwa ujumbe wako unataja kumbukumbu, ipime pia kumbukumbu yenyewe: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, nayo Windows itaijaribu ikijiwasha upya. Chipu mbovu ya kumbukumbu hutoa makosa yanayohamahama, leo kwenye svchost.exe, kesho kwenye kivinjari, na hakuna amri inayoweza kuirekebisha.

SWALI: Ukuta wa moto nilioununua unaniuliza kama niruhusu svchost.exe kuingia intaneti. Nimekataa kwa usalama, na sasa kurasa hazifunguki. Je, nililazimika kukubali?

JIBU: Uliziba njia ya huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba, pengine pamoja na ile inayoiombea kompyuta yako anwani na ile inayorekebisha saa, kwani zote hubebwa na svchost.exe. Liruhusu lile la System32 litoke kwenda intaneti. Maombi ya kutoka intaneti kuingia kwako ni suala jingine, hayo unaweza kuendelea kuyakataa. Ikiwa ukuta wako unaruhusu kanuni kwa jina la huduma badala ya jina la faili, kama ule wa Windows unavyoruhusu, tumia njia hiyo: fungulia Dnscache (majina ya tovuti), Dhcp (anwani), W32Time (saa) na wuauserv (masasisho), kisha uzitazame nyingine zinavyojitokeza, moja baada ya nyingine.